Land Rover 109 inavuja petroli: nilichokikuta baada ya kuzoea harufu wiki tatu

#1

Wakuu habari za jioni. Naandika hii nikiwa nyumbani Moshi, mikono bado inanuka petroli japo nimenawa na sabuni ya unga mara tatu. Uzi utakuwa mrefu, wenye magari ya zamani naomba msome mpaka chini.

Gari ni Land Rover Series III 109 ya mzee wangu, kadi inasema 1978, injini ya petroli silinda nne ile ya 2286 cc, kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) ya Zenith, tenki liko chini ya siti ya dereva. Mzee alituachia na mimi ndo naitunza mana wengine wako Dar. Sasa kama wiki tatu zilizopita nikaanza kusikia harufu ya petroli ndani, mwanzoni asubuhi tu, baadae muda wote. Na hapa ndo kosa langu lilipo, niliizoea. Nikawa najiambia Land Rover ya zamani ndo zilivyo, nafungua kioo natembea.

Jumapili nimetoka Moshi naenda Arusha, mama amekaa mbele, wanangu wawili nyuma. Tumefika Boma Ng'ombe mama akasema mwanangu hii harufu leo imezidi, kichwa kinaniuma. Nikamwambia tunakaribia mama. Tumepita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA gari ikaanza kukohoa kwenye vimlima, inashika inaachia, tulivyoingia Kikatiti nikaweka pembeni nikafungua boneti nikiwa nimeacha injini inaunguruma, na hilo nalo ni kosa lakini ndo lilinionyesha.

Ule mpira mfupi unaotoka kwenye pampu ya mafuta kwenda kwenye kabureta ulikuwa umelowa. Chini ya klipu kuna tone limening'inia, linakua taratibu, linaachia, linadondokea kwenye manifoldi ya ekzosi, lile chuma la kutolea moshi wa injini, tsss, linapotea. Halafu lingine. Nimesimama pale nikahesabu matone manne huku watoto wangu wamekaa nyuma wanakula karanga. Kabureta kwenye hii injini imekaa juu ya manifoldi, kwaiyo chochote kinachovuja pale kinadondokea kwenye chuma cha moto, kinageuka mvuke, na pembeni kuna waya za plagi ambazo zina umri kama gari yenyewe. Ilikuwa inasubiri cheche moja tu.

Nikazima, nikawashusha wote nikawapeleka mbali na gari, nikachomoa waya wa betri. Ndugu yangu anakaa Tengeru akaja na Hilux tukaivuta kwa kamba mpaka kwake. Nimeshinda siku mbili kwake chini ya ile gari na nimekuta mambo ambayo sikuyategemea. Nakula kwanza, narudi kuendelea.

#2

Duh pole sana mkuu, na mama umpe pole. Mimi nina Peugeot 504 hapa Sakina, na harufu ninayo hiyo hiyo unayosema. Nimesoma hapo kwenye karanga nikatoka nje kufungua boneti sa hivi hivi. Endelea tunasubiri.

#3 (mleta uzi)

Nimerudi. Mkuu wa 504 usiiwashe kwanza, soma hii.

Kilichovuja juu ni mpira wa uwazi. Ule wa plastiki unaoona mafuta yanavyopita, unauzwa kwa mita. Fundi aliniwekea mwaka jana mpira wa zamani ulipochoka, na mimi nikafurahi kabisa kwamba nitakuwa naona mafuta. Simlaumu sana, alitumia kilichokuwepo. Ila nilipoutoa ulikuwa umegeuka rangi ya chai, umekakamaa, ukiukunja unalia kama njiti. Pale klipu ilipobana kuna ufa wa kama nusu sentimita. Fundi mwingine kati kati alishaukaza zaidi nilipolalamika harufu, kumbe kukaza ndo kukaumaliza.

Sasa kitu ambacho nataka mkishike. Land Rover hii ina pampu ya kusukumwa na injini, na kwenye pampu kuna kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono. Hicho kiwiko ndo kipimo chako. Huna haja ya kuwasha injini kutafuta panapovuja. Injini ikiwa imepoa kabisa, betri umechomoa, unafuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, unatandika karatasi nyeupe chini, halafu unapampu kwa kidole huku unaangalia. Ukiona kiwiko kimelegea hakisukumi kitu, zungusha injini kidogo kwa mkono ujaribu tena, ni kamshafti tu, ule mhimili wa injini unaosukuma pampu, imekaa pabaya.

Nilivyopampu baada ya kutoa ule mpira na kuweka wa muda, nikaona jasho linatoka kwenye kile kikombe cha kioo chini ya pampu, kile cha kukamata uchafu. Gasketi yake ya koki, sio koki ya bomba, ni ile ya gome kama kizibo cha chupa ya mvinyo, imekauka. Gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa ile koki inanywea, na letu lilikaa miezi mingi mzee alipokuwa anaumwa.

Lakini bado kukohoa kule kwenye mlima hakukuwa kumepata jibu, mana uvujaji wa juu haukuwa mkubwa wa kuinyima injini mafuta. Hapo ndugu yangu ndo akaniuliza swali moja zuri sana, akasema kabla ya pampu je?

Jamani. Kuanzia tenkini mpaka kwenye pampu mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Tenki liko chini kuliko pampu. Kwaiyo bomba likitoboka upande ule hutaona tone, linanyonya hewa. Utaona dalili tu, asubuhi unapiga stata muda mrefu, mlimani inakohoa, ukiipumzisha inakubali. Tukalifuata bomba la kopa kwenye chasisi kwa mkono na tochi, sehemu moja kishikizo kimeshaoza, bomba limekuwa linasugua kwenye chasisi sijui miaka mingapi, limekuwa jembamba linang'aa, na katikati kuna kitundu ukipitisha kucha unakisikia. Miezi yote hiyo nilikuwa nahangaika na kabureta na plagi, nimesafisha jeti (vile vitundu vya mafuta ndani ya kabureta) mara mbili, kumbe hewa inaingia huku chini.

Yaani gari moja lina matundu matatu, moja linatoa mafuta, moja linatoa jasho, moja linaingiza hewa. Ningeziba lile la juu tu ningesema nimemaliza.

#4

Mkuu umeeleza vizuri sana, na mimi niongeze mana hii ndo kazi yangu, nipo gereji mtaa wa Unga Limited tangu 1991 na Land Rover nimezishika nyingi kuliko gari lolote, hata lile tamasha la Land Rover la hapa Arusha Oktoba 2024 kuna kadhaa zilipita kwenye mikono yangu kwanza.

Klipu. Watu wanadharau klipu. Zile zenye matundu kwenye mkanda, ukikaza mpira unaingia kwenye matundu na mkanda unaunyofoa kama kisu. Tafuta zile za mkanda mzima usio na matundu, za duara kamili. Na mwisho wa bomba uwe na kivimbe kidogo ambacho mpira unakipita, klipu inakaa nyuma ya kivimbe. Bomba lililokatwa kwa msumeno likaachwa na ncha kali litakata mpira mpya kwa ndani na wewe kwa nje hutaona kitu.

Mpira wenyewe angalia maandishi ubavuni. Ukikuta SAE J30 R6 huo ni wa petroli gari za kabureta, ukikuta R9 huo ni wa gari za injekta, unastahimili zaidi na unaweza kuutumia, mimi ndo naupenda. Usio na maandishi yoyote achana nao hata muuzaji aape. Land Rover hii bomba lake ni inchi 5/16, karibu milimita 8, chukua wa milimita 8. Usichukue mkubwa halafu ukategemea klipu iusindilie.

Zile nati za bomba zenye mdomo uliopanuliwa, usizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba. Pale chuma kinakaa kwenye chuma ndo kinaziba, tepu haina kazi na vipande vyake vinaenda kuziba jeti ya kabureta. Kama inavuja mdomo umepasuka, kata upanue upya au weka bomba jipya.

Na mchomoe stiki ya oili mnuse. Ile ngozi ya ndani ya pampu ikipasuka petroli inaingia kwenye oili, kipimo kinapanda badala ya kushuka. Ukikuta hivyo usiendeshe hata mita mia, oili inakuwa nyepesi kama maji na beringi zinaliwa.

Sabuni ya kipande inasaidia, nisiwe mnafiki, tenki likitoa jasho kwenye kitundu kidogo unasugua sabuni kavu inaziba mpaka ufike nyumbani, mana sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Ni ya kufika nyumbani tu. Kwenye mpira wenye presha haifai.

#5

Wakuu naomba kuuliza, nilisikia mipira ya zamani inaoza kwa sababu petroli ya siku hizi haina risasi. Ni kweli? Nina Datsun pickup ya baba mkwe iko Machame nataka kuiamsha.

#6

#5 risasi kwenye petroli ilikuwa inasaidia valvu na kuzuia kugonga, mipira haihusiki nayo. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi Januari 2006 na baada ya hapo watu wakaanza kuisingizia kila kitu. Mpira unaozeshwa na umri, joto la injini, na kukaa mkavu muda mrefu. Hiyo Datsun kama imelala miaka usiiwashe na mafuta yaliyomo. Toa petroli ya zamani yote, toa mipira yote kuanzia tenkini, fungua tenki uangalie kutu, ndo uongee habari ya stata.

#7

Habari zenu kaka zangu, mimi ni mdada nipo Moshi Soweto, nina Volkswagen Beetle 1300 ya marehemu babu na naipenda kuliko kitu chochote ninachomiliki. Yangu haivuji nikiendesha, ila nikiilaza usiku asubuhi nakuta alama ya mafuta chini, nyuma upande wa geaboksi. Fundi mmoja amesema ni kawaida ya gari za zamani. Mnanishaurije?

#8

Dada hapo hakuna ukawaida na asante kwa kuuliza kabla ya kuiwasha. Ni mimi tena wa Unga Limited.

Beetle ni kinyume na Land Rover. Tenki lako liko mbele, juu, na injini iko nyuma chini. Mafuta yanashuka yenyewe kwa bomba linalopita katikati ya sakafu ya gari mpaka nyuma, linatokea karibu na geaboksi, pale kuna kipande cha mpira, halafu yanaenda kwenye pampu. Kile kipande cha geaboksi kikipasuka hakisubiri injini iwake, tenki linajimwaga usiku kucha. Alama yako iko pale pale. Kipande hicho kinasahaulika sana mana ukifungua injini hukioni, mpaka uingie chini.

Bomba la Beetle ni milimita 6, sio 8. Watu wanakuletea mpira wa Land Rover wanaukaza kwa klipu. Kataa.

Na wakati unabadilisha, fundi ashike kile kibomba kidogo cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, akizungushe kwa vidole. Kimeingizwa kwa kubanwa tu hakina nyuzi, kikilegea siku moja kinachomoka na mpira wake na pampu inamwagia petroli juu ya injini inayozunguka. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Na ile injini kava lake limetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, likishika moto lenyewe usimwagie maji, magnesiamu ikimwagiwa maji inawaka zaidi. Filta ya plastiki pia usiiweke kule kwenye injini, iwekwe mbele chini ya tenki au pale nyuma nje ya chumba cha injini, mpira usibebe uzito wake juu ya moto.

#9

Mimi sio fundi, ni nesi, naomba nipenyeze moja. Mkitoa mafuta tenkini msinyonye kwa mdomo. Tumepokea vijana wa gereji zaidi ya mmoja kwa hili. Shida kubwa sio petroli kufika tumboni, shida ni ile inayoteleza kwenda kwenye mapafu, kidogo tu inatosha kumfanya mtu ashindwe kupumua baadae usiku akiwa alishajiona mzima. Akimeza msimtapishe, mana akitapika ndo inapata njia ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Maziwa mnayopeana hayamsaidii. Mleteni hospitali hata kama anakohoa kidogo tu. Na petroli mliyotoa msiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, nawaomba sana, watoto wanaipata.

#10

Mnatisha watu bure. Mimi nina Land Rover 88 Ngarenaro, nimefunga kipande cha tyubu ya tairi kwenye paipu ya mafuta na nyuzi za tyubu juu yake, mwaka wa pili huu natembea nayo mpaka Monduli. Gari za zamani ni za kutengeneza na ulichonacho, ndo uzuri wake.

#11 (mleta uzi)

Mkuu #10 nakuheshimu, na mimi nimelelewa kwenye gari hizi hizi, mzee alishawahi kufunga fenibeti kwa soksi tukafika. Lakini jana nilifanya kitu, naomba unisikilize. Nilikata kipande cha tyubu na kipande cha mpira mpya wa R9, nikaviweka kwenye chupa mbili za jemu zenye petroli, nikafunika, nikaviacha nje usiku mbali na nyumba. Asubuhi kipande cha tyubu kilikuwa kimevimba kuliko kile nilichobakiza mezani, kimekuwa laini, nikikivuta kwa vidole kinaachia. Kile cha R9 kiko vile vile. Tyubu imetengenezwa kushika upepo, petroli inaimeza.

Soksi ikiachia gari linachemka, unashuka unakasirika. Tyubu ikiachia kwenye paipu ya mafuta hujui utapewa sekunde ngapi, na kwenye gari letu tenki umelikalia. Ningekuwa nasafiri peke yangu labda ningekuwa mbishi kama wewe. Mama yangu ana miaka 71 na kushuka kwenye 109 anahitaji kushikwa mkono. Pale Kikatiti nilimshusha yeye wa mwisho, watoto kwanza, na ile dakika ya kumzungukia mlango ndo ninayoiota mpaka leo. Nipe vipimo vya bomba lako nikuletee mita moja ya mpira nikija Arusha, hela sitaki.

#12

Na kizima moto wakuu. Wengi tunacho kwa ajili ya trafiki, kiko nyuma chini ya spea taya na sindano iko kwenye nyekundu. Kiwe cha poda, kiwe mbele ambapo mkono unafika, na kwa 109 kikae upande wa abiria mana tenki liko kwa dereva. Moto ukiwa ndani ya boneti usiinue boneti yote, unaupa hewa unakurukia usoni, achia kidogo tu upulizie kwa upenyo. Na kama umeshakuzidi rudi nyuma piga 114 Zimamoto, acha gari.

#13 (mleta uzi)

Mrejesho. Kwa wale walionifuata inbox kuuliza nimeishia wapi.

Nimebadilisha mipira yote, sio ule mmoja. Wa tenkini, wa kabla ya pampu, wa kabureta. Klipu zote za mkanda mzima. Gasketi ya kikombe cha kioo mpya, nimeilowesha na oili kidogo kabla ya kuifunga ili isikatike. Lile bomba la kopa nimelitoa lote mana kopa ikitikiswa miaka mingi inakakamaa inapasuka, ungekata kipande tu ungepasuka pengine. Nimeweka bomba la chuma kama la breki, na kila kishikizo nimekizungushia kipande cha mpira ili lisiguse chasisi. Kazi ya kupanua midomo ya bomba nimepeleka kwa mwenye mashine, sikujaribu kwa koleo.

Kazi yote tuliifanya nje, kivulini, sio ndani ya banda, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa chini na kujaa kwenye shimo la fundi. Jirani alikuwa anachomelea geti nikamwomba asubiri, akasubiri. Tochi ya LED, sio ile balbu ya waya, balbu ikidondoka ikapasuka basi.

Nimepampu kwa kiwiko mara hamsini na karatasi nyeupe chini. Kavu. Nimewasha, nikaiacha inaunguruma robo saa, karatasi kavu. Nimezima, nikakaa nusu saa, kavu. Leo nimeipeleka mpaka Arusha na kurudi, nimesimama Kikatiti makusudi nikafungua boneti pale pale. Kwenye mlima haijakohoa hata mara moja, na asubuhi inashika stata ya kwanza, kitu ambacho sikikumbuki tangu mzee yupo hai. Mama amekaa mbele, tumefika Usa River akaniambia mbona leo hakuna harufu.

Dada wa Beetle, nimeona ujumbe wako. Jumamosi asubuhi nipo Moshi, usiiendeshe, nitakuja na ndugu yangu hapo Soweto na jeki na stendi. Wewe tafuta mpira wa milimita 6 wenye maandishi, mita moja na nusu inatosha, na ule wa zamani ukishatolewa usiutupe, nataka tuupasue tuuone ndani.